Hisia na matakwa yako: mwongozo kamili wa kuchagua unachotaka na kukifikia, kwa mtu wa Lubumbashi

Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa ya Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, hujaa mpaka watu wakasimama nje. Watu huimba, hulia, na kabla ya kupambazuka karibu kila mmoja ameshaandika au ameshamwambia Mungu anachotaka mwaka unaoingia: kiwanja, ndoa, kazi, safari, mtoto. Ikifika Machi, mengi ya matakwa hayo hayatajwi tena. Mwenyewe atakuambia ni ugumu wa nchi, na ugumu upo, sitabishana. Lakini mara nyingi takwa lilichaguliwa na hisia moja, likaachwa mikononi mwa hisia nyingine, na mwenye takwa hakuiona hata moja kati ya hizo mbili.

Kuna watakaokushauri uziweke hisia kando utumie akili tu. Haiwezekani. Daktari wa neva Antonio Damasio alieleza habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot, aliyetolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Alipopona, vipimo vya akili vilionyesha hana kasoro, lakini hisia zake zilikuwa zimepoa. Mtu huyo mwenye akili zake timamu alipoteza kazi, akaingia biashara mbovu, na ndoa yake ikavunjika, kwa sababu hakuna jambo lililokuwa na uzito kwake kuliko jingine. Bila hisia hutaki kitu. Kazi iliyobaki ni kujua ipi inasema nini, na saa ngapi uisikilize.

Hatua ya 1: Andika takwa likiwa moto, lisome likiwa limepoa

Chukua daftari la kawaida la shule. Siku unapotaka kitu kwa nguvu, andika palepale mambo manne: unataka nini, uko wapi, nini kimetokea muda mfupi uliopita, na moyo unasema nini. Kwa mfano: "Nataka pikipiki. Niko soko la Kenya, hapahapa mjini. Nimekutana na mtu tuliyesoma naye, yuko juu ya pikipiki mpya. Roho inaniuma." Kisha funga daftari. Siku hiyo usilipe, usikope, usiahidi.

Lisome tena katika hali tatu tofauti: siku umelala vizuri na umeshiba, siku umechoka na mfuko mtupu, na siku moja ya furaha isiyohusiana na jambo lenyewe. Mchumi George Loewenstein ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu aliye ndani ya hisia kali hawezi kukisia vizuri atakavyofikiri ikishapoa, na aliyepoa naye hawezi kukisia atakavyokuwa ikimpanda. Ndiyo maana mtu huacha kazi kwa hasira saa tano asubuhi, na saa kumi anatafuta mtu wa kumwombea msamaha kwa bosi.

Kwetu kuna saa tatu za kuogopa. Ya kwanza ni kwenye kilio, ambapo uchungu humfanya mtu aahidi kusomesha watoto wote wa marehemu kabla hajahesabu wake. Ya pili ni siku ya mshahara, hadi jioni. Ya tatu ni mkesha wenyewe wa mwaka mpya. Sisemi usiende. Nenda, imba, uandike. Ila orodha ya usiku huo ichukue kama ushahidi wa kile moyo unachokililia, na uamuzi uache hadi katikati ya Januari, pesa za sikukuu zikishaisha na kichwa kimetulia.

Kama takwa limepita salama siku zote tatu, fanya jambo moja zaidi ambalo watu wengi huliruka. Mtafute mtu ambaye tayari ana kile unachokitaka, umuulize anajisikiaje leo hii. Timothy Wilson na Daniel Gilbert wamechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotabiri hisia zao, na wakakuta kwamba huwa tunadhani furaha au huzuni itadumu kuliko inavyodumu kweli. Gilbert na wenzake walionyesha pia, mwaka 2009, kwamba neno la mtu aliyelipitia jambo hutabiri hisia zako vizuri kuliko mawazo yako mwenyewe. Kwa hiyo muulize manseba, dereva wa pikipiki wa kona yako, na usimuulize siku aliyoinunua. Muulize leo, mwezi wa Februari, matope yamefika magotini na tairi limetoboka. Kama bado unaitaka, unaitaka.

Hatua ya 2: Uliza takwa hili ni la nani

Hapa mtu hujidanganya kwa urahisi zaidi kuliko pengine popote. Matakwa mengi tunayoyabeba tulipewa, na hisia iliyotubebesha ni haya (yaani aibu), woga au kutaka kumridhisha mzazi. Katika mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, familia ngapi zimemtaka mtoto awe injinia wa migodi, na mtoto mwenyewe anapenda kushona? Wanasaikolojia Kennon Sheldon na Andrew Elliot walichapisha mwaka 1999 uchunguzi unaoonyesha kwamba watu hujitahidi kwa muda mrefu zaidi katika malengo yanayotoka ndani mwao. Lengo la kuazima huanza kwa kasi, halafu nguvu huisha njiani.

Kipimo ninachokiamini ni swali moja: kama hakuna mtu atakayejua kwamba umelipata, si jirani, si mkwe, si watu wa kanisani, bado unalitaka? Nyumba ikisimama mahali ambapo ndugu zako hawatapita kamwe, bado utaijenga?

Usikimbilie kuufukuza wivu, hata hivyo. Tumefundishwa kwamba ni dhambi, kwa hiyo tunauficha hata kwa nafsi zetu, na tunapoteza habari nzuri. Wivu huchagua. Haukuumi kwa kila mtu aliyefanikiwa. Labda jirani ana gari na hujali, lakini mdogo wako amemaliza masomo pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi na hukulala usiku ule. Basi hamu yako haiko kwenye gari. Andika hilo kwenye daftari, hakuna atakayelisoma.

Hatua ya 3: Ota kidogo, kisha tafuta kizuizi kilicho ndani yako

Wahubiri na walimu wengi wa mafanikio hutuambia tufunge macho, tujione tayari ndani ya nyumba, tuushike ufunguo. Ushauri huo una utamu, na utamu wenyewe ndio tatizo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gabriele Oettingen, pamoja na Thomas Wadden, waliwafuatilia wanawake 25 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, na mwaka 1991 wakachapisha matokeo: waliokuwa na ndoto tamu sana za kuwa wembamba walipunguza uzito kidogo kuliko wenzao. Baadaye Oettingen na Heather Kappes walionyesha kwamba ndoto tamu huushusha hata msukumo wa damu. Mwili unaamini umeshafika, unapumzika.

Angalia kwamba kutarajia ni jambo jingine. Katika uchunguzi wa wale wanawake 25, waliotarajia kufaulu kwa sababu waliona wanaweza ndio waliofanya vizuri. Tumaini lenye sababu linasukuma. Picha tamu isiyo na kazi inalaza.

Mji huu unaujua ulalaji huo. Wazee wa migodi walikuwa na usemi, kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama, kwa maana kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, unga, shule na hospitali. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baada ya hapo kulikuwa na nyumba ambamo miaka ilipita watu wakizungumzia siku kampuni itakaporudi ilivyokuwa. Siwalaumu, kumbukumbu ile ilikuwa tamu kweli, na ilikuwa ya haki. Lakini mke wa mfanyakazi aliyeanza kuuza kapenta (dagaa) na makala (makaa) mbele ya nyumba ndiye aliyelisha familia, na pengine kilichomsaidia ni kwamba hakuwa na nafasi ya kuota.

Fanya hivi. Keti mahali penye utulivu. Kwanza taja takwa kwa maneno machache. Pili, waza jambo zuri kuliko yote litakalotokea likitimia, uliwaze kwa ukamilifu, dakika moja au mbili. Tatu, hapohapo, jiulize: ni kitu gani ndani yangu kitakachonizuia? Nimesema ndani. Bei ya saruji, umeme kukatika, barabara ya Kasumbalesa, vyote hivyo ni vya kweli na utavikuta, lakini hapa tafuta hisia au tabia yako. Majibu ninayoyasikia mara kwa mara ni haya: "Siwezi kumkatalia ndugu." "Nikikasirika natumia pesa." "Naogopa kwenda kuuliza ofisini, wataniona mjinga." "Jioni nimechoka, nasema kesho."

Mpangilio una maana. Oettingen aliona kwamba ukianza na kizuizi halafu ukamalizia na ndoto, au ukachukua kimoja tu, nguvu haiji. Ndoto itangulie, kizuizi kifuate. Na kama baada ya kukitazama kizuizi unajisikia kulegea kabisa, huenda takwa ni kubwa mno kwa mwaka huu. Lipunguze au liache, bila aibu.

Hatua ya 4: Weka "ikiwa, basi"

Ukishakijua kizuizi, usiahidi kwamba "nitajitahidi". Kujitahidi hakuna saa. Peter Gollwitzer alipendekeza sentensi yenye sehemu mbili: ikiwa jambo fulani litatokea, basi nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya chunguzi 94 na wakakuta njia hiyo husaidia kwa kiasi cha kati hadi kikubwa. Sababu yake ni rahisi: uamuzi umeshafanywa mapema, ukiwa umepoa, kwa hiyo hisia ikipanda haikuti mlango wazi.

Tuseme mama mmoja anauza nguo za mitumba na anataka kununua cherehani kabla shule hazijafunguliwa. Kizuizi chake ni hisia ya haya. Simu ikilia na sauti ya mkubwa wa ukoo ikasema kuna shida, pesa ya cherehani inatoka kabla hajafikiri. Sentensi yake inaweza kuwa: "Ikiwa mtu wa nyumbani ataomba pesa, basi nitasema nimesikia, na nitajibu kesho asubuhi." Hakatai. Anajinunulia usiku mmoja tu.

Kesho yake asubuhi jibu liwe limeandaliwa, na liwe la heshima, kwa lugha yetu, ambamo kuitosha pesa ni kuitoa na bukari ni ugali:

"Mama mukubwa, nimesikia, na imeniuma. Pesa yenye niko nayo ni ya kazi, nikiitosha hatutakuwa na kitu mwezi ujao. Lakini Jumamosi nitakuletea unga ya bukari na kapenta."

Ona kilichofanyika. Amemtambua mkubwa, ametaja sababu, ametoa kitu kilicho na mpaka. Familia ikizoea kwamba kwako kuna unga ila hakuna mtaji, malalamiko yatakuwepo, kisha yatapungua. Tenga fungu dogo la kila mwezi la ndugu, ulitoe kwa moyo mweupe, na likiisha limeisha. Mtu anayejaribu kuokoa pesa hapa bila fungu la ndugu anajidanganya. Atatoa tu, na atatoa kwa hasira.

Sentensi nyingine za kuigwa: ikiwa nimekasirika, basi simu yenye pesa namwachia dada hadi jioni. Ikiwa ni saa kumi na mbili jioni na nimefika nyumbani, basi nafungua daftari la hesabu kabla sijavua viatu. Tatu zinatosha. Ukiandika kumi hutakumbuka hata moja.

Hatua ya 5: Bei na majira

Fupi. Furaha ya kuanza hutufanya tuhesabu siku chache na pesa kidogo. Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994, watamaliza lini kazi yao ya mwisho. Walikisia kwa wastani siku 34, wakamaliza kwa zaidi ya 55. Kwa hiyo uliza waliojenga au kusoma kabla yako walitumia muda gani, na muda wao ndio wako. Ujenzi na matofali ya kuchoma vinataka kiangazi, kati ya Mei na Oktoba; pesa ikikamilika Novemba, mvua zimeanza, utasubiri. Andika bei kwa dola ukiweka akiba kwa franka.

Hatua ya 6: Itumie haya badala ya kutumiwa nayo

Likelemba, ambayo watu wa Pwani huiita upatu, ni chombo cha hisia kabla hakijawa chombo cha fedha. Kila mwanachama anatoa kiasi kilekile kila juma au kila mwezi, na kwa zamu mmoja anachukua kapu lote. Hakuna riba. Faida yake ni kwamba haya ileile inayokushinda mbele ya ndugu sasa inakushinda upande wa takwa lako: kushindwa kutoa mbele ya wenzako wa sokoni ni aibu kuliko kumwambia mjomba "sina". Na pesa hailali mkononi mwako, kwa hiyo huna cha kuombwa.

Masharti machache. Ingia na watu mnaoonana usoni, wasiozidi kumi na wawili. Omba zamu inayolingana na majira yako, kwa mjenzi iwe Mei. Kiasi kiwe kile utakachoweza hata mwezi mbaya. Ukivutwa na majivuno ya kundi la watu wakubwa utaanguka katikati na utavunja jina lako. Na siku ya kupokea kapu, nenda moja kwa moja kununua, ukiwa na mtu mmoja anayejua unachonunua.

Hapa linakuja swali la siri. Watu wetu wengi huficha mipango, wakiogopa kijicho, na vijana wa mjini huwacheka. Mimi siwacheki. Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayetangaza nia kubwa inayohusu sifa yake, watu wakaitambua, hupunguza bidii: kusifiwa kumempa sehemu ya furaha ya kufika. Basi mwambie atakayekuuliza umefikia wapi. Usimwambie atakayekupigia makofi. Likelemba inauliza. Picha ya kiwanja kwenye simu, siku hujalipa hata nusu, inakupa makofi tu.

Hatua ya 7: Ukiahirisha, tafuta woga

Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameeleza kuahirisha kuwa njia ya kukimbia hisia mbaya kwa sasa. Fomu ya chuo haikushindi. Kinachokushinda ni kile unachokisikia ukiifungua. Kwa hiyo kabla ya kujikemea, itaje hisia kwa jina: "Hii ni aibu ya kuwa mzee darasani." Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kuipa hisia jina hupunguza msisimko wa sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Baada ya kuitaja, fanya kipande kidogo mno cha kazi: andika jina lako tu kwenye fomu, au nenda ukaulize bei bila kununua. Kesho endelea.

Hasira inataka tahadhari ya aina nyingine. Jennifer Lerner na Dacher Keltner waliona mwaka 2001 kwamba wenye woga hukuza hatari, na wenye hasira huipunguza, karibu sawa na wenye furaha. Ukijikuta una uhakika sana wa biashara mpya siku ile uliyogombana na mwenzako wa zamani, rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya 8: Pesa ikiliwa

Itatokea. Ugonjwa, kilio, wizi, au ulikula mwenyewe. Kwa msiba na ugonjwa hakuna la kujilaumu. Pesa ilifanya kazi ambayo kila familia huitarajia. Kama uliila mwenyewe, hatari kubwa ni mawazo ya siku ya pili: kwa vile nimeshaharibu, acha nimalize. Michael Wohl na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, na waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya wa pili. Andika kilichotokea, hisia iliyotangulia, na "ikiwa, basi" moja mpya. Kisha toa kiasi chochote cha akiba juma hilohilo, hata kama ni cha kununua mkate mmoja.

Lakini kama moyo umekuwa mzito kwa majuma mawili au zaidi, hulali, huli, hata vitu vilivyokufurahisha havikuvuti, weka mwongozo huu pembeni. Huo unaweza kuwa ugonjwa, nao una matibabu. Mwone daktari au muuguzi wa kituo cha afya, na umwambie hivyohivyo bila kupunguza. Padri au mchungaji akikuombea, vizuri. Aende nawe hospitali pia.

Hatua ya 9: Likitimia

Cherehani imefika, iko juu ya meza. Juma la kwanza utaigusa kila asubuhi. Baada ya muda itakuwa chombo cha kazi, na usishangae ukijisikia mtupu kidogo. Ndivyo Wilson na Gilbert walivyosema. Watu wengi hukimbilia takwa jipya palepale ili kuuziba utupu huo, kwa kawaida kubwa kuliko la kwanza, na kwa mkopo. Subiri. Lipa kwanza zamu zilizobaki za likelemba, maana wenzako bado wanangoja kapu lao. Wape waliokusaidia chakula kidogo nyumbani, bila kukodi spika. Kisha fungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, linganisha ulichodhani utakisikia na unachokisikia sasa, uandike tofauti hiyo chini yake kwa tarehe. Utaihitaji utakapotaka kitu kingine.